Sicily si Etna na fukwe tu

Asante mwandishi kwa makala ya Sicily, kisiwa cha Italia, ila Palermo, mji wake mkuu, umeipa sentensi moja tu, na nafasi yote iliyobaki ikaenda kwa mlima Etna na fukwe za Taormina. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Waarabu waliutwaa mji wa Palermo mwaka 831, Wanormani, wapiganaji kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakaja mwaka 1072, na watawala hao Wakristo hawakufuta yote waliyoyakuta. Ingia Cappella Palatina, kanisa la Mfalme Roger II, Mnormani, lililo ndani ya ikulu. Ukutani kuna mozaiki za dhahabu za mtindo wa Kibizanti (wa Dola ya Roma ya Mashariki), lakini inua macho: dari ni ya mbao, imechongwa na kupakwa rangi kwa ufundi wa Kiislamu, na imeandikwa Kiarabu. Hata kwenye kanisa kuu la mji, nguzo moja ya baraza la kusini imechongwa aya ya Surat Al-A'raf, nayo ipo hadi leo.

Sisi watu wa pwani tuna sababu zaidi ya kwenda. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, alimaliza huko mwaka 1154 kitabu chake cha jiografia na ramani kwa ajili ya Roger, na humo ameitaja Malindi na Mombasa. Jambo kubwa hilo, na makala haikuligusa! Halafu yupo Mtakatifu Benedikto Mwafrika, mtoto wa watumwa Waafrika, ambaye ni mmoja wa watakatifu wasimamizi wa Palermo. Tafadhali tuandikieni sehemu ya pili.