Mhindi au Mhindu? Herufi moja inayoigombanisha India

Kiswahili kina kitu ambacho kingewasaidia sana Wahindi kwenye ugomvi wao. Sisi tuna maneno mawili, Mhindi ni mtu wa asili ya India na Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu, tofauti ni herufi ya mwisho tu. Na hatuchanganyi maana tumekaa nao miaka mingi, Bohora ni Mhindi, Khoja ni Mhindi, Mgoa ni Mhindi na Jumapili utamkuta kanisani, Kalasinga na kilemba chake ni Mhindi, na yule Baniani ambaye tulimsema mbaya huku kiatu chake tukikiita dawa, huyo ndo Mhindu. Mtaa niliokulia kulikuwa na mzee wa duka la vitambaa, Ijumaa anafunga mapema anavaa kofia yake nyeupe yenye nakshi za dhahabu anaelekea msikitini, na duka la pili yake mzee mwingine ana picha ya Ganesh juu ya droo ya hela na udi unafuka toka asubuhi. Sisi watoto wote tuliwaita Muhindi, basi. Ukiwauliza asili yao wapi, wote wawili wanakwambia Gujarat.

Sasa nenda India yenyewe. Tangu Muingereza afungashe virago Agosti 1947 mpaka leo wanavutana juu ya hiyo herufi: je, ili uwe Mhindi kamili inabidi uwe Mhindu, au kama wewe si Mhindu basi ukubali kwamba nyumba ni ya Wahindu na wewe umekaribishwa sebuleni?

Nianze na kambi ya kina Nehru, waziri mkuu wa kwanza, maana ndo waliopewa funguo kwanza. Hawa walirithi nchi iliyokuwa inavuja damu. Mpaka wa India na Pakistan ulichorwa na mwanasheria Muingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hajawahi kukanyaga India kabla ya kazi hiyo, akapewa kama wiki tano hivi, akamaliza akaondoka. Mamilioni wakahama kila mmoja anakimbilia upande wa dini yake, wengi sana wakauawa njiani, treni zinaingia stesheni zimejaa maiti. Pakistan ilianzishwa kwa hoja kwamba Waislamu wa kule ni taifa lao peke yao. Nehru na wenzake wakasema sisi hatutakuwa kioo cha hiyo, maana makumi ya mamilioni ya Waislamu wamebaki India kwenye mashamba na makaburi ya babu zao, utawaambia nini? Sensa ya 2011 iliwahesabu Waislamu kama milioni 172, asilimia 14.2, na Wahindu asilimia 79.8. Hiyo si jamii ndogo ya kusukumwa pembeni.

Katiba ikaanza kazi tarehe 26 Januari 1950, na kifungu chake cha kwanza kabisa kinaanza na "India, yaani Bharat". Waliogombania jina wakaishia kuweka yote mawili. Ukiona leo mtu anasema Bharat na mwingine anasema India, mara nyingi ushajua anampigia nani kura.

Huku kwetu tumezoea ile kauli kwamba serikali haina dini, watu wake ndo wana dini. India ni tofauti kidogo, serikali haikujitoa kwenye dini, ilisema itazishika zote sawa, ambayo ni kazi ngumu zaidi, na hapo ndo upande wa pili una hoja ambazo watu wa upande wa Nehru wanapenda kuzipita haraka haraka. Mwaka 1955 na 1956 bunge lilipitisha sheria za kurekebisha ndoa na mirathi ya Wahindu, kuoa wake wengi marufuku, talaka ikaruhusiwa, mabinti wakapata haki ya kurithi japo si sawasawa na kaka zao. Safi kabisa. Ila kwa Waislamu, hodi ilipigwa kidogo tu wakageuza. Halafu kwenye jimbo la Tamil Nadu, kusini, idara ya serikali ndo inasimamia mahekalu makubwa mpaka hesabu za sadaka, wakati msikiti hauguswi hivyo. Mhindu wa kawaida akiuliza mbona mkono wa serikali unaingia mfukoni kwangu tu, kumjibu kwamba wewe ni fashisti si jibu.

Kesi iliyochafua zaidi ni ya Shah Bano. Huyu alikuwa bibi Muislamu wa mji wa Indore, aliachwa mwaka 1978 akiwa na zaidi ya miaka 60 na watoto watano, na mume mwenyewe ni wakili. Akaenda mahakamani kudai matunzo, Mahakama Kuu ikampa rupia 179.20 kwa mwezi, mume akakata rufaa, na 1985 Mahakama ya Juu ikamuunga mkono bibi. Masheikh wakaja juu, na waziri mkuu Rajiv Gandhi akaogopa kura, 1986 akapitisha sheria ya kuizima ile hukumu. Mwaka huohuo mageti ya Msikiti wa Babri kule Ayodhya, mahali Wahindu wengi wanapoamini mungu wao Ram alizaliwa, yakafunguliwa ili waabudu sanamu zake zilizoingizwa humo kimyakimya Desemba 1949. Kampa huyu pipi, akageuka akampa na yule, wote wawili wakaondoka na hasira. Kwa maoni yangu usekula wa India, ile ahadi ya kuzishika dini zote sawa, ulianza kufa pale, na waliouua ni walinzi wake wenyewe.

Haya, tuje kwa kambi ya pili, hao wa Hindutva, wanaosema India ni taifa la Wahindu. Neno hilo alilitia nguvu mwanasiasa Savarkar kwenye kijitabu chake cha 1923, na kipimo chake kilikuwa rahisi: Mhindu ni yule ambaye India ni nchi ya baba zake na pia ni nchi yake takatifu. Masingasinga (ndo Makalasinga wetu) ndani, Wabudha ndani, Wajaini ndani, maana dini zao zimezaliwa humo. Muislamu na Mkristo nje, kwa sababu moyo wao uko Makka au Yerusalemu, hata kama baba wa babu yake hajawahi kuvuka mto. Cha kuchekesha, kijitabu chenyewe cha kuonyesha asili halisi ya nchi kiliandikwa kwa Kiingereza.

Hoja yao ya leo lakini imevaa nguo nyingine, wanaiita kuondoa ukoloni. Na si maneno matupu. Ile barabara kubwa ya gwaride pale Delhi ilikuwa Rajpath, 2022 ikawa Kartavya Path, na kibanda kilichokuwa na sanamu ya mfalme George V mpaka 1968 sasa kina sanamu ya mpigania uhuru Subhas Chandra Bose. Kanuni ya adhabu ya Muingereza ya 1860 ilibadilishwa Julai 2024 ikapewa jina la Kihindi. Allahabad ikawa Prayagraj 2018. Sisi ambao bado tuna mitaa yenye majina ya watu waliotutawala tunaelewa kwa nini hiyo inasisimua.

Ila angalia hiyo ya mwisho. Allahabad halikuwa jina la Muingereza, lilitoka kwa Wamughali, wafalme wa Kiislamu waliotawala kabla yake. Kumbe tatizo liko kwenye hesabu: ukoloni ulidumu miaka mingapi? Kwa kambi ya Nehru ni kama miaka 200. Modi wa kambi ya Hindutva, mara baada ya kuwa waziri mkuu 2014, aliongea bungeni juu ya utumwa wa miaka 1200, yaani anahesabu kuanzia watawala wa Kiislamu walipoanza kuingia. Ukikubali hesabu hiyo, kila msikiti mkongwe unakuwa jengo la mkoloni, na Muislamu wa leo anakuwa masalia ya mkoloni kama yule mzungu aliyebaki na shamba.

Hapa lazima niwe fea. Mahekalu yalibomolewa kweli, mfalme Aurangzeb wa Kimughali aliamuru lile la Kashi kule Banaras livunjwe 1669, hiyo haikutungwa na mtu, na wasomi waliokuwa wanaogopa kuitaja wakidhani wanalinda amani walimwachia mwanasiasa kuisimulia anavyotaka. Lakini Mughali na Muingereza hawakuwa kitu kimoja. Mughali alikaa akaoa akazikwa hapohapo, mama yake mfalme Shah Jahan alikuwa binti wa Rajput, Mhindu, na kodi ya Mughali ililiwa Delhi na Agra, haikupandishwa meli kwenda London.

Na hii ndo inayonishangaza kuliko zote. Ile hesabu ya kugawa historia ya India kwenye zama za Wahindu, zama za Waislamu, zama za Waingereza, aliyeipa umaarufu ni James Mill, Mskochi, mwaka 1817, jamaa ambaye hakuwahi kufika India hata siku moja. Warren Hastings, gavana wa Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki, mwaka 1772 ndo aliagiza mahakama za Kampuni kwenye ndoa na mirathi ziwahukumu Waislamu kwa Kurani na Wahindu kwa vitabu vyao, kana kwamba kila mtu kule anaishi kwa kitabu. Sensa zikafuata kuanzia miaka ya 1870, kila mtu lazima awe kwenye kisanduku kimoja. Mwaka 1909 Waislamu wakapewa wapigakura wao na viti vyao peke yao. Kwa hiyo anayetetea sheria ya ndoa kwa kila dini anamtetea Hastings, na anayesema miaka 1200 anamnukuu Mill, na wote wanakwambia wanamkataa mkoloni!

Kabla ya visanduku mambo yalikuwa yamepindana zaidi. Sensa ya 1911 kule Gujarat, walikotoka wale wazee wangu wawili wa duka, kuna jamii ziliandikwa Wahindu-Waislamu kwa pamoja, maana ndivyo walivyoishi, arusi hivi, mazishi vile. Mkuu wa sensa hakupenda, akataka waende upande mmoja au mwingine. Mpaka leo ukienda kwenye kaburi la walii wa Kiislamu Moinuddin Chishti kule Ajmer utawakuta Wahindu kibao wanafunga uzi na kuweka nadhiri, kila mtu na shida yake ya mtoto au kazi, hakuna anayekagua vitambulisho.

Hata neno Mhindu lenyewe kisheria limekaa kiajabu. Sheria ya ndoa ya 1955 inawahesabu Masingasinga, Wajaini na Wabudha humo humo, halafu inamalizia kwamba inamhusu yeyote ambaye si Muislamu, Mkristo, Mpasi wala Myahudi. Yaani Mhindu ni aliyebaki. Makalasinga wengi hiyo haiwafurahishi mpaka leo, na nawaelewa, maana hata Mswahili wa Mombasa ambaye hajafika Punjab anamtofautisha Kalasinga na Baniani kwa kumwangalia tu.

Halafu kuna Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba, aliyezaliwa tabaka la wasioguswa. Huyu anazisumbua kambi zote mbili. Alishasema 1935 kwamba kazaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu, na Oktoba 1956 akaingia dini ya Budha hadharani pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake. Mji ulikuwa Nagpur, mji huohuo RSS, shirika kubwa la watu wa Hindutva, ilipoanzishwa 1925. Ukisema Wahindu ni taifa moja, watu wake wanakuuliza mbona kisima kilikuwa si kimoja? Na hawakusubiri Muislamu wala Muingereza aje awatenge. Kusini nako dini haikutosha kuwa gundi, Watamil ni Wahindu kwa wingi lakini 1965 walipoona Kihindi kinataka kuwa lugha rasmi pekee waliingia barabarani, wengine wakajichoma moto, na Kiingereza kikabaki maofisini mpaka leo. Lugha ya mkoloni ndo ikawa ya kuwasuluhisha.

Ayodhya imebeba yote haya. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliupanda Msikiti wa Babri wakauvunja siku moja, ghasia zikafuata na watu kama 2000 wakafa, wengi wao Waislamu. Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikasema kuvunja kule kulikuwa kinyume cha sheria, kisha kiwanja ikakitoa kwa ajili ya hekalu, Waislamu wapewe ekari 5 sehemu nyingine. Soma tena hiyo sentensi. Wanaoitetea wanasema ilikata jipu la miaka 70, na kweli siku ya hukumu nchi haikuwaka. Mimi naona mwizi kaambiwa kosa lake halafu kapewa mbuzi aondoke naye, ila nakubali kwamba kama ningekuwa jaji pale sijui ningelala wapi usiku huo.

Hekalu likazinduliwa tarehe 22 Januari 2024, Modi mwenyewe akiwa mbele ya sanamu. Ili mahujaji wapite, barabara ilipanuliwa, maduka na nyumba za watu zikaliwa upande, wenye maduka wakawa wanalalamikia fidia, na wengi wa hao ni Wahindu walioishi kwa kuuza maua na peremende za kupeleka hekaluni. Juni yakaja matokeo ya uchaguzi. Jimbo la Faizabad, ambalo Ayodhya imo ndani yake, chama cha Modi kikashindwa, aliyeshinda ni Awadhesh Prasad, Mdalit, yaani wa tabaka la walioitwa wasioguswa, tena kwenye jimbo ambalo halikutengwa kwa ajili ya Wadalit. Mtandaoni wakaanza kutukanwa watu wa Ayodhya, wasaliti, hawana shukrani, msinunue kitu kwao mkienda kuhiji. Wahindu hao, wenye hekalu lao mlangoni, wanaambiwa na Wahindu wenzao wa Mumbai na Delhi kwamba bado hawajawa Wahindu vya kutosha.