Diski mbili zinatosha, fedha iliyobaki nunua UPS

Wateja wengi wanaoniita hapa Dodoma kuzungumzia NAS huanza na kampuni: tuchukue Synology au QNAP? Wakitoka hapo wanaingia kwenye ukubwa: si bora tununue ya diski nne moja kwa moja? Msimamo wangu ni huu, na ninauamini kabisa. Kwa nyumba, steshenari, duka la dawa, studio ya picha au ofisi ya watu wasiozidi kumi, kisanduku cha diski mbili cha bei ya kati kinatosha. Ile fedha uliyotaka kuongezea upate kikubwa zaidi, igawe: nunua UPS nzuri, yaani betri inayoshikilia vifaa umeme ukikatika, na nunua diski nyingine itakayolala kwenye jengo tofauti.

Kwa asiyeifahamu, NAS ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Ina nafasi za kuchomeka diski, inaunganishwa na ruta kwa waya, na kila kompyuta ya ofisini au nyumbani inahifadhi humo kazi zake bila mtu kukumbushwa. Hilo la kutokukumbushwa ndilo linalonifanya niipende. Diski ya nje inayomtegemea mtu aichomeke kila Ijumaa jioni, mwezi wa kwanza inachomekwa, mwezi wa tatu iko kwenye droo.

Kabla ya kutaja kampuni, andika unachotunza. Ofisi ya mhasibu ina mafaili ya Excel, PDF na risiti zilizopigwa skani. Skani hizo zina uzito kuliko wengi wanavyodhani: risiti ya EFD inachapwa kwenye karatasi ya joto, ikikaa inafifia hadi haisomeki, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Lakini kwa ukubwa wa mafaili, mzigo wote huo ni mwepesi. Kujaza diski ya TB 2 si leo wala kesho. Mpiga picha ni habari nyingine. Picha moja ghafi ya kamera ya siku hizi inakula MB 25 hadi 50, kwa hiyo harusi yenye picha 2,000 ni GB 50 hadi 100, na video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inaongeza GB 45 kila saa. Mpima ardhi yuko karibu naye. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, upimaji wa viwanja umekuwa kazi ya kila siku ya mji huu, na siku moja ya kurusha droni pembezoni mwa mji inarudi na picha kwa mamia. Hao wawili ndio ninaokubali wafikirie diski nne, na hata wao wakianza na diski mbili za TB 8 watakwenda mbali.

Sasa umeme, maana hapa ndipo vifaa vingi vinapofia. Umeme ukikatika ukakaa kimya una nafuu. Mbaya ni ule unaokatika, unarudi kwa sekunde mbili, unakatika tena, halafu unarudi ukiwa juu au chini ya volti 230 zinazotakiwa. Kila mara NAS inakatwa ikiwa katikati ya kuandika. Diski yenyewe inaweza kuvumilia. Kinachoumia mapema ni mpangilio wa mafaili ndani yake, na ukiharibika unaiona NAS inawaka vizuri lakini folda hazifunguki. UPS ninayoizungumzia iwe na sifa mbili: irekebishe volti yenyewe, na iwe na waya wa USB unaoingia kwenye NAS. Kwa waya huo UPS inaijulisha NAS kwamba umeme umekwenda. NAS inasubiri dakika ulizoipangia, inamaliza inachoandika, inajizima kwa utaratibu. Nimeingia ofisi kadhaa nikakuta UPS imefungwa vizuri mezani na ule waya bado uko kwenye mfuko wake wa nailoni ndani ya boksi. Hapo UPS imechelewesha tatizo tu, kwa sababu betri ikiisha NAS itakatwa vilevile. Ukishauchomeka, ingia kwenye mipangilio uiruhusu NAS ijiwashe umeme unaporudi, la sivyo itakaa imezimwa wiki nzima na hakuna atakayejua. Na kabla hujalipia, hakikisha UPS hiyo imo kwenye orodha ya zinazokubaliana na NAS yako. Kampuni zote kubwa zinaiweka orodha hiyo wazi.

Kuna wanaoniambia, fundi, kwa nini nisitumie kompyuta yangu ya zamani ya mezani? TrueNAS na OpenMediaVault ni programu za bure, na ni nzuri kweli. Ofisini sina pingamizi kubwa. Nyumbani napinga kwa sababu ya luku. NAS ya diski mbili inatumia wati 15 hadi 20, yaani yuniti 11 hadi 14 kwa mwezi ikiwaka usiku na mchana. Kompyuta ya zamani ikitumia wati 70 inafikisha yuniti 50. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la bei nafuu la wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, mashine hiyo peke yake inaweza kukutoa humo, na hapo unalipia bei ya juu hata umeme wa taa na friji.

Jambo linaloniumiza zaidi katika kazi hii ni watu kuamini kwamba diski mbili ndani ya kisanduku kimoja ni nakala rudufu. Niliitwa kwenye ofisi moja ya upimaji pale Ilazo. Dada wa mapokezi alikuwa ameona taa ya chungwa kwenye NAS badala ya kijani. "Fundi, hii taa tangu juzi haibadiliki, na inapiga mlio." Diski moja ilikuwa imekufa. Zilikuwa zimefungwa kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinaandikwa na kwenye ya pili, kwa hiyo kazi iliendelea kama kawaida. Tuliichomoa iliyokufa, tukaweka mpya ya ukubwa uleule, NAS ikaanza kunakili upya yenyewe. Hapo mzee mwenye ofisi akafurahi, akaniomba nimfungulie na folda ya kazi ya mteja mmoja ambayo haionekani muda mrefu. Folda hiyo ilikuwa imefutwa na mtu, kwa bahati mbaya, miezi kadhaa nyuma. RAID ilikuwa imeifuta kwenye diski zote mbili, papo hapo, kama ilivyoagizwa. "Lakini aliyetufungia alisema kila kitu kipo mara mbili," mzee akasema. Kilikuwepo mara mbili, ni kweli. Na kilifutwa mara mbili. Vijana wa ofisi walirudi shambani kupima upya.

RAID inakulinda diski ikifa. Haikulindi na mkono wa mtu, wala na mwizi, wala na moto, wala na virusi. Ndiyo maana kitu ninachokitazama kuliko jina la kampuni ni kama NAS inaweza kuhifadhi snapshoti, yaani hali ya folda ilivyokuwa kila saa au kila siku, ambazo mtumiaji wa kawaida hawezi kuzifuta. Baadhi ya modeli za bei ya chini kabisa hazina uwezo huo, na tofauti ya bei na zile zenye nao si kubwa ukilinganisha na siku za kupima upya. Hapo ndipo ninaposema bei ya kati, na sitetereki.

Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vinaingia kupitia kompyuta ya mtu mmoja, vinatafuta kila folda ambayo kompyuta hiyo inaifikia, na vinazifunga zote, za kwenye NAS zikiwemo. Vingine vinaishambulia NAS yenyewe. Aprili 2021 Qlocker ilifunga mafaili kwenye NAS nyingi za QNAP, na Januari 2022 ikaja Deadbolt ikidai bitikoini 0.03 kwa kila mwenye kifaa. Juni 2021 wenye My Book Live za Western Digital waliamka wakakuta vifaa vyao vimefutwa kutoka mbali. Kifaa hicho kilikuwa hakijapata sasisho tangu 2015. Walioumia katika visa hivyo ni wale ambao vifaa vyao vilikuwa vinafikika moja kwa moja kutoka intaneti. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote akufungulie milango ya ruta eti uone mafaili ukiwa safarini. Ukilazimika, tumia VPN, yaani njia ya siri inayokuunganisha na ofisi kupitia intaneti. Akaunti ya msimamizi wa NAS iwe na nywila yake, tofauti na ile inayotumiwa na kompyuta za kazi, na kila mfanyakazi afike kwenye folda zake tu.

Kuhusu kuweka kila kitu kwenye wingu, hesabu inajisema. TB 1 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde ni siku tisa na zaidi bila kupumzika, na kwa mwenye kutegemea bando hilo halizungumziki. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti nchini ilidorora kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na mafaili yake ndani ya ofisi aliendelea na kazi. Mimi wingu nalitumia kwa vitu vidogo visivyo na mbadala: mikataba, hati, vitabu vya hesabu. Ndani ya ofisi nako angalia ruta. Ruta nyingi za 4G tunazouziwa zina matundu ya megabiti 100, na TB 1 humo inachukua karibu siku nzima. Ukiweka swichi ya gigabiti ya bei ndogo kati ya kompyuta na NAS, kazi hiyohiyo inaisha kwa saa mbili na nusu hivi.

Diski zenyewe zinunuliwe kwa macho makavu. Ziwe za NAS, kama Seagate IronWolf au WD Red Plus. Mwaka 2020 iligundulika kwamba baadhi ya WD Red za kawaida zilikuwa za aina ya SMR, ambayo mistari ya data inalaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kuandika upya mstari mmoja lazima uguse na wa jirani, na NAS inapojenga upya diski iliyokufa inakwama au inachukua siku nyingi. Tafuta iliyoandikwa CMR, ambayo mistari yake hailaliani. Mwanzoni mwa 2025 ikajulikana pia kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zimeuzwa kama mpya barani Ulaya, kwa hiyo ukiipokea diski kutoka Kariakoo ichomeke, usome saa ilizowaka kwenye FARM, rekodi ya ndani ya diski za Seagate, kwa programu ya smartctl kabla hujamwaga fedha yote, maana kwenye diski hizo saa za kawaida zilikuwa zimerudishwa sifuri. Na zile diski ndogo za TB 16 zinazouzwa kwa bei ya flashi, ziache hukohuko. Ndani kuna flashi ndogo iliyodanganywa iseme ukubwa isionao. Unanakili, inakubali, na mafaili hayapo.

Kampuni? Synology ndiyo rahisi zaidi kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu. Mwaka 2025 waliwachukiza wengi kwa kutaka modeli mpya za Plus zitumie diski walizoziidhinisha wao, kisha Oktoba wakalegeza. QNAP inakupa vifaa vyenye nguvu zaidi kwa bei ileile, lakini inataka mtu anayeisimamia.

Vumbi letu la kiangazi nalo lihesabiwe. Feni ya NAS inavuta hewa mchana kutwa, na ikifika Septemba matundu ya nyuma yameziba kwa vumbi jekundu. Vifaa hivi vimetengenezwa kufanya kazi kwenye chumba kisichozidi nyuzi 40, na chumba chenye bati bila dari mwezi wa Novemba kinaweza kufika huko. Iweke juu ya meza, mbali na dirisha, na ipulizwe kila baada ya miezi michache ikiwa imezimwa.

Diski ya tatu ndiyo inayotoka nje. Inachomekwa kwenye USB ya NAS, inanakili, inachomolewa, inaondoka na mwenye ofisi kwenda nyumbani Kisasa au Nzuguni, na ukiwa na mbili za hivyo, nyingine inarudi badala yake. Kwa kuwa inatembea kwenye mkoba, ifungwe kwa nywila, iwe kwa BitLocker au VeraCrypt au kwa programu ya NAS yenyewe. Tangu Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na duka la dawa lenye majina ya wagonjwa haliwezi kuyaacha kwenye daladala yakasomwa na yeyote.

Siku ya kukabidhi, namwomba mtu wa ofisi, mara nyingi karani au dada wa mapokezi, achague faili lolote lisilo la siri. Analifuta yeye mwenyewe. Kisha analirudisha kutoka kwenye snapshoti, na mara ya pili kutoka kwenye diski ya nje, mimi nikiwa nimekaa kando bila kugusa kipanya. Akikwama tunaandika hatua kwenye karatasi kwa maneno yake, anabandika ukutani karibu na swichi, anarudia tangu mwanzo. Malipo ya mwisho nayapokea akishafanikiwa.