Mashine ya "Mtu Yeyote"

Wiki iliyopita nilialikwa kukagua miradi ya wanafunzi wa uhandisi katika chuo kimoja hapa Tabora, nikarudi nyumbani na kiuno kinachouma na hasira tele. Kijana mmoja alitumia robo saa kuisifia mashine yake ya kubangulia karanga, gia baada ya gia, ilhali mpini wake ulikuwa chini ya goti langu. Nikamwuliza ni nani atakayeuzungusha. "Mtu yeyote, Mwalimu."

Huyo Mtu Yeyote sijapata kumwona sokoni. Wabanguaji ninaowafahamu ni akina mama wanaoshinda kazini tangu asubuhi, baadhi yao wakiwa na mtoto mgongoni.

Simlaumu kijana, kwa maana ergonomia, yaani elimu ya kuifanya kazi na kifaa vilingane na mwili wa mtu, alisomeshwa kwa mihadhara miwili mwishoni mwa muhula, akakariri fasili na kufaulu. Beringi ikizidiwa na mzigo tunamwita mhandisi ajieleze. Kiuno cha kibarua kikizidiwa, tunasema kibarua ni mvivu. Na hapa ni Unyamwezi! Mpagazi wa karne ya 19 alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, nasi leo tunamtwika mtu mfuko wa saruji wa kilo 50 bila haya, wakati mlinganyo wa mwaka 1991 wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, wa kukadiria uzito wa kuinua kwa mikono, hauvuki kilo 23, tena mazingira yakiwa mazuri kabisa.

Somo hili lianzie karakanani, kwa utepe wa kupimia. Wanafunzi wapimane kimo cha kiwiko wakiwa wamesimama, kisha waipime meza ya vaisi: kazi nyepesi hutaka meza iliyo sentimita 5 hadi 10 chini ya kiwiko, kazi ya nguvu hutaka ishuke zaidi, na kazi ya kukazia macho hutaka ipande juu yake. Katika chuo hicho meza zote zina kimo kimoja, na chini ya mojawapo niliona matofali mawili yaliyolika kingo, ambayo wanafunzi wafupi huyapanda ili waweze kupiga tupa.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba ratiba imejaa. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 nayo ipo, ila mkaguzi hufika mashine ikiwa imeshachomelewa.

Nilimwomba kijana azungushe mpini mara mia. Alipofika arobaini alisimama, akashika kiuno, akauliza iwapo stoo kumebaki chuma cha kurefushia miguu.