Kujifunga kwa dalali mmoja Marekani: tatizo si saini, ni masharti

Tangu Agosti 17, 2024, mnunuzi wa nyumba Marekani hutakiwa kusaini mkataba na dalali wake kabla hajatembezwa kwenye nyumba hata moja. Sharti hilo limetokana na kesi. Oktoba 2023 jopo la raia (jury) katika mahakama mjini Kansas City liliamua kwamba chama cha taifa cha madalali, NAR, na kampuni kubwa za udalali walikula njama kupandisha kamisheni. Machi 2024 chama kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake.

Kanuni mpya inataka karatasi itaje wazi dalali atalipwa kiasi gani. Haimtaki mnunuzi ajifunge kwa dalali mmoja peke yake. Lakini fomu nyingi wanazowekewa wanunuzi mezani ni za kujifunga, na hapo ndipo ndugu zetu wa Columbus, Louisville na Dallas wanapoponzwa: dalali ni mwenzao wa kanisani au msikitini, wanaona haya kusoma karatasi yake mbele yake.

Dalali naye ana hoja, tena nzito. Anamzungusha mteja jioni na Jumamosi kwa mafuta yake, anaandaa ofa tatu zinazokataliwa, na halipwi hata senti mpaka mauziano yakamilike. Kisha mteja anakwenda kununua kupitia binamu aliyepata leseni juzi. Kumnyima dalali huyo wa kwanza ulinzi wowote ni dhuluma. Isitoshe, mnunuzi asiye na dalali wake hubaki akizungumza na dalali wa muuzaji, ambaye kazi yake ni kumtetea muuzaji.

Ila tazama mnunuzi anavyobanwa. Mkataba wa miezi sita unaotaja jimbo zima maana yake ni kwamba hata nyumba uliyoambiwa na jirani yako, ukainunua moja kwa moja kwa mwenyewe, dalali anaweza kukudai. Na muda ukiisha bado kuna kipengele kinachompa haki ya kulipwa ukija kununua nyumba aliyokuonesha. Kipengele hicho nakiona cha haki kikiambatana na orodha ya nyumba hizo kwa maandishi. Bila orodha, kila nyumba inaweza kugeuka ugomvi.

Halafu kuna hesabu. Umesaini asilimia 3, nyumba ni dola 350,000: dalali anadai 10,500. Muuzaji akikubali kuchangia asilimia 2, yaani 7,000, zile 3,500 zinabaki juu yako, na kwa kawaida benki haiziingizi kwenye mkopo. Unazitoa taslimu, wakati ule ule ulipokwisha kukamua akiba yote kwa malipo ya awali.

Kwa hiyo sisemi usisaini. Saini, lakini anza na mkataba wa siku moja au wa nyumba moja, umwone dalali akifanya kazi. Akikuridhisha, mpe siku 30 na taja kaunti unayotafuta. Kiwango cha malipo kinajadiliwa. Fomu yenyewe inatakiwa iseme hivyo. Dalali anayegoma kufupisha muda ananitia shaka zaidi kuliko anayegoma kupunguza asilimia, maana muda mrefu humlinda hata asipofanya kazi.

Na mkishindwana? Wengi hunyamaza tu, wakatafuta mwingine, wakajikuta wakidaiwa kamisheni mbili. Mara nyingi mkataba ni kati yako na kampuni, si na yule aliyekuendesha kwenye gari. Mwandikie msimamizi wa ofisi yao, eleza kilichoharibika, omba upewe dalali mwingine au uachiwe. Wakikuachia, pata karatasi yenye saini yao kabla hujasaini kwa dalali wa pili.