Asetilini kwenye majumba ya mashambani: tatizo lilikuwa mtambo

Kabla umeme haujafika mashambani Uingereza, mwenye jumba aliyechoshwa na taa za mafuta aliweza kujitengenezea gesi kwa makaa ya mawe. Tani moja ya makaa ilitoa takriban mita za ujazo 280, lakini tanuri lilitaka mtu wa kulichochea, gesi ilibidi isafishwe kwa chokaa, na lami ilibaki ya kutupwa. Kwa jumba la taa 20, hiyo ni kazi kubwa mno.

Asetilini, gesi iliyoingia sokoni miaka ya 1890, iliondoa tanuri. Kilo ya kabaidi (kabaidi ya kalsiamu, kitu kigumu kama jiwe) ikikutana na maji hutoa lita 300 hivi za gesi, na lita 14 kwa saa zilitosha mwali mweupe usioshindwa na lita 140 za gesi ya makaa katika taa isiyo na wavu. (Wavu wa mkemia wa Austria Carl Auer von Welsbach, unaong'aa ukipashwa moto na mwali kama ule wa karabai, ulipunguza sana pengo hilo.) Zaidi ya hapo, gesi ya makaa ina monoksidi ya kaboni: ikivuja usiku, inaua waliolala.

Walioiogopa asetilini nao walikuwa na hoja. Hulipuka ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 2.5 hadi 80 hivi. Gesi ya makaa hukomea karibu 30. Ikikaa ndani ya bomba la shaba tupu huzaa kilipuzi kinachoweza kuripuka kwa msuguano tu, ndiyo maana mabomba yalikuwa ya chuma.

Hata hivyo, lawama kubwa naielekeza kwenye mitambo iliyodondosha maji juu ya kabaidi. Joto hupanda, gesi huchafuka, na hata ukifunga maji, kabaidi iliyolowa huendelea kutoa gesi. Mtambo unaodondosha kabaidi ndani ya maji, lita 8 kwa kila kilo, haupati moto hivyo. Uwekwe kibandani mbali na nyumba, ukingwe maji yasigande, na ujazwe mchana, bila taa yoyote karibu.

Ndani ya nyumba kero ilikuwa masizi. Kichomeo kina vitundu viwili vinavyotazamana. Ukipunguza mwali, ncha hupata moto, kaboni huviziba na moto hutoa moshi. Taa hizi huwashwa kikamilifu au huzimwa.