Kubishana na usiyemjua

Julai 2021, mwanauchumi wa Uingereza Frances Coppola alihoji kwenye Twitter uimara wa UST, sarafu ya kidijitali iliyoahidi kubaki na thamani ya dola moja bila kuwa na akiba ya dola ya kuilinda. Do Kwon, mwasisi wake, hakuigusa hoja. Alijibu kwamba yeye hajadiliani na maskini Twitter, akaongeza kijembe kwamba samahani, kwa sasa hana hata chenji ya kumpa. Mei 2022 UST ikaporomoka pamoja na ndugu yake, sarafu ya Luna, takriban dola bilioni 40 zikayeyuka ndani ya siku chache, na mwaka 2025 Kwon alikiri makosa ya ulaghai mbele ya mahakama ya Marekani.

Ukihesabu vicheko vya siku ile, mshindi ni Kwon. Ukihesabu hoja, ni Coppola. Mimi nasumbuliwa zaidi na mtu wa tatu: msomaji aliyekuwa kimya, mwenye akiba yake ndani ya UST, aliyepita pale akasoma yote mawili. Je, ule ubishi ulimfaa chochote? Wapo wanaoamini kwamba kubishana mtandaoni na watu usiowajua ni kutwanga maji kwenye kinu, na wapo wanaoona kwamba bila ubishi huo uongo ungetembea uwanjani peke yake. Nimekuwa upande wa kwanza, nikahamia wa pili, na sasa nadhani tumekuwa tukiuliza swali moja kwa mambo matatu yasiyofanana: sayansi, teknolojia na fedha.

Wanaosema tuachane nayo si wavivu, wana hoja. Mwaka 2013 mwanaprogramu wa Italia, Alberto Brandolini, alisema kwamba nguvu ya kukanusha upuuzi ni mara kumi ya nguvu ya kuuzalisha. Yeyote aliyewahi kumjibu mtu anayedai kwamba chanjo za mRNA, zinazoipa seli maelekezo ya kutengeneza protini, hubadilisha DNA, yaani vinasaba vya mtu, anaijua hesabu hiyo. Dai limeandikwa kwa sekunde tano. Wewe mpaka umemaliza kueleza kwamba mRNA haiingii kwenye kiini cha seli, iliko DNA, na kwamba seli yenyewe huivunjavunja baada ya muda mfupi, mwenzako keshahamia dai la nne, na usingizi umekuruka. Kisha kuna suala la uso. Mwanasaikolojia John Suler alieleza mwaka 2004 jinsi mtu anavyolegeza breki mtandaoni kwa sababu hajulikani, haonekani, na hayaoni macho ya anayemwumiza. Maneno ambayo huwezi kumwambia mtu mliyekaa naye benchi moja unayaandika kwa kidole gumba huku unakunywa chai.

Hata pale ambapo watu wamekuja kwa hiari yao, njia ni nyembamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichambua mwaka 2016 maelfu ya mijadala kutoka ChangeMyView, ukumbi wa mtandaoni ambapo mtu huweka maoni yake na kuwaalika wageni wamgeuze. Kujibizana kidogo kulisaidia, lakini majibizano yalipozidi raundi chache matumaini yalikufa. Waliopunguza makali ya lugha, wakatumia maneno kama “huenda”, walifanikiwa zaidi. Na hao walikuwa wakizungumza na watu walioomba kugeuzwa! Sasa fikiria yule ambaye hakuomba.

Hata hivyo upande wa pili nao una lake. Kwa miaka kadhaa tuliambiwa kwamba kumsahihisha mtu humfanya aling'ang'anie kosa zaidi, kufuatia utafiti wa Brendan Nyhan na Jason Reifler wa mwaka 2010. Wengi wetu tuliishika habari hiyo kwa furaha, maana ilitupa ruhusa ya kunyamaza. Lakini Thomas Wood na Ethan Porter walipoipima upya kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, wakachapisha matokeo mwaka 2019, hawakuikuta. Watu waliopewa ukweli kwa kawaida walisogea kuuelekea, walau kidogo. Kusogea si kukiri, na hakuna anayekuandikia “umenishinda, kaka”. Ndiyo maana mbishaji huondoka akidhani amepoteza muda.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya mambo yenyewe. Ubishi una thamani kiasi kile kile ambacho kuna mwamuzi nje ya wabishi wawili, mwamuzi asiyejali nani ana wafuasi wengi.

Sayansi inaye. Kwa miaka watu walibishana mtandaoni kama kigari kinachosukumwa na upepo peke yake kinaweza kuupita upepo huohuo, tena kikielekea kulekule unakovuma. Akili ya kawaida inakataa. Ukishaufikia upepo, huusikii tena mgongoni, nini kikusukume? Mhandisi wa Marekani Rick Cavallaro alishikilia kwamba inawezekana, na wajuzi wa kila aina wakamwona kama mtu anayeuza mashine isiyohitaji nishati. Siri iko kwenye mnyororo unaounganisha magurudumu na propela, ile feni kubwa ya kigari. Kigari kinapokwenda kasi, si propela inayozungusha magurudumu, bali magurudumu yanayozungusha propela, nayo propela inasukuma hewa nyuma. Kigari kikilingana na upepo, hewa imetulia lakini ardhi bado inakimbia chini yake, na nguvu inakamuliwa katika tofauti hiyo. Mwaka 2010 kigari chake, Blackbird, kilipimwa kikienda mara 2.8 ya kasi ya upepo.

Ungedhani yameisha. Mwaka 2021 Derek Muller, mtangazaji wa sayansi kwenye YouTube, alikiendesha mwenyewe na kuonyesha video, na Alexander Kusenko, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), akasema maelezo yale hayawezi kuwa sahihi: huenda upepo ulipungua ghafla, kigari kikabaki na mwendo wake wa zamani. Haikuwa hoja ya kijinga. Wakaandikiana dau la dola 10,000, mashahidi wakatia saini, kukatengenezwa kigari kidogo na kuwekwa juu ya mashine ya kukimbilia, ambako mkanda unakimbia kama ardhi na hakuna upepo wa kupungua. Kigari kikasonga mbele. Profesa akakubali, akalipa. Napenda sana neno hilo, akalipa. Hakumzuia mtu kwenye akaunti yake, hakufuta alichoandika, hakusema alikuwa anatania.

Na mgeni anaweza kukuletea kitu ambacho hakuna mwenye cheo aliyekileta. Mwaka 2011, kwenye 4chan, jukwaa la mtandaoni ambapo lugha ya heshima si desturi, waliulizana swali la mzaha: tamthilia ya katuni ina vipindi 14, ukitaka kuvitazama kwa kila mpangilio unaowezekana, mfululizo mfupi kabisa utakuwa na vipindi vingapi? Mtu asiyejulikana akaandika uthibitisho kwamba haviwezi kupungua 93,884,313,611. Ulikaa pale miaka saba mpaka wanahesabati walipougundua mwaka 2018, wakauandika upya kwa taratibu zao, na jina la kwanza kwenye makala likawa la mchangiaji huyo wa 4chan asiye na jina. Uthibitisho haukuhitaji kitambulisho.

Sisemi kila ubishi wa sayansi una mashine ya kukimbilia chumba cha pili. Ukigusa lishe au madhara ya dawa, majibu huchukua miaka na maelfu ya watu, na mgeni atakuja na utafiti mmoja wenye washiriki wachache aliousoma kichwa cha habari tu. Ila hata hapo mwamuzi yupo, ni mwendo wake tu ulio wa kobe.

Teknolojia inakaa katikati. Tarehe 29 Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa aliyetengeneza MINIX, mfumo endeshi wa kompyuta, aliandika hadharani kwamba mfumo mwingine, Linux, umepitwa na wakati. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 22 Helsinki aliyeitengeneza Linux, alikuwa amerundika kila kitu ndani ya kerneli moja, yaani kiini cha mfumo, wakati wasomi walikuwa wameafikiana kwamba kerneli iwe ndogo na kazi nyingine zifanyike nje yake, ili sehemu moja ikianguka isiangushe nyumba nzima. Tanenbaum alimwambia ashukuru si mwanafunzi wake, maana kwa usanifu ule asingepata alama za juu. Torvalds alijibu kwa hasira, kisha akaomba radhi kwa ukali wake, ingawa hakurudi nyuma kwenye hoja.

Leo kerneli ya Linux iko ndani ya kila simu ya Android, na ndiyo inayoendesha kompyuta kuu 500 zenye nguvu zaidi duniani. Basi profesa alikosea? Mwaka 2017 ilibainika kwamba mfumo uliotokana na MINIX umejificha ndani ya chipu za Intel, ukifanya kazi kwenye kompyuta ambazo wenyewe hawajui hata kama upo. Mmoja alikuwa akiuliza usanifu upi ni imara, mwingine akiuliza upi unafanya kazi leo kwenye mashine aliyo nayo mezani. Ubishi mwingi wa teknolojia uko hivyo. Wabishi hawajakubaliana kifaa ni cha kazi gani, ila wanagombana kipi bora. (Ule wa simu ya kampuni ipi ni nzuri nauacha, huo ni ushabiki wa timu, na shabiki habadili jezi.)

Fedha ndiko ninakoogopa. Anayekubishia kuhusu uzito wa elektroni hapati kitu ukimkubali, ila aliyenunua hisa jana anahitaji wewe ununue leo. Januari 2021 maelfu ya wageni walihimizana kununua hisa za GameStop, kampuni ya Marekani yenye maduka ya michezo ya video, na tarehe 28 bei ikagusa dola 483. Kufikia tarehe 19 Februari ilikuwa imeshuka hadi karibu 40. Mjadala ule ulikuwa na hoja halisi, ndiyo. Hisa zilizokopwa na kuuzwa na waliotarajia bei ianguke zilikuwa nyingi kupita kiasi, nao wangelazimika kuzinunua tena na kupandisha bei, na waliogundua mapema walikuwa sahihi. Lakini maneno yaleyale, “shikilia, usiuze”, yalisomwa na mtu aliyenunua kwa dola 20 na mtu aliyenunua kwa 400. Kwa wa kwanza yalikuwa ushauri. Kwa wa pili yalikuwa shimo. Na aliyeyaandika hakulazimika kusema yeye ni yupi kati yao.

Hata penye nia njema, mwamuzi wa fedha ni mgumu kumpata, kwa sababu akili ni nywele na mifuko nayo ni hivyohivyo. Niliwahi kubishana siku tatu na mtu mwenye picha ya bundi. Alikuwa na mikopo mitatu, mdogo wa riba ya asilimia 9, wa kati 14, na mkubwa kabisa 24, na alikuwa anawashauri watu waanze kumaliza ule mdogo. Nilimrukia. Nikamwekea jedwali mwezi kwa mwezi kuonyesha riba anayoitupa kwa kuuacha ule wa 24 uendelee kunenepa. Siku ya pili nikaongeza rangi kwenye jedwali, nyekundu kwake, kijani kwangu, jambo ambalo leo linanitia aibu kidogo. Siku ya tatu akaandika, kwa utulivu uliozidi wangu: “Hesabu naijua, ndugu. Kwa miaka mitatu nimeanza na ule mkubwa mara mbili, na mara zote mbili niliacha mwezi wa tano, maana sikuona kinachopungua. Huu mdogo nimeumaliza. Ni wa kwanza maishani kuumaliza.”

Jedwali langu lilikuwa sahihi mpaka leo. Lilimhesabu mtu ambaye hakati tamaa mwezi wa tano.

Nilimwomba radhi, na kwa muda nilikuwa nikimtaja kama mfano wa faida ya ubishi: mgeni kanifundisha nisichokijua. Kisha, Aprili 2025, ikafichuka kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walikuwa wameingiza akaunti za akili bandia kwenye ChangeMyView, bila kuwaambia wenyewe, zikaandika maoni zaidi ya 1,000. Mojawapo ilijifanya manusura wa ubakaji. Nyingine ilijitambulisha kama mshauri wa waliopatwa na ukatili. Wasimamizi wa pale waliwaka, na watafiti wakaahidi kutochapisha matokeo.

Niliposoma habari hiyo mawazo yalikwenda moja kwa moja kwa bundi wangu. Kigari cha Cavallaro kingekwenda vilevile hata kama aliyekitetea angekuwa kasuku, na uthibitisho wa 4chan ungesimama hata kama ungeandikwa na mashine. Lakini yule wa mikopo hakuwa na jedwali wala kipimo. Ushahidi wake wote ulikuwa miaka mitatu aliyosema ameiishi. Nilimwamini, na sina pa kwenda kuangalia.