Eti "ea hostesi wa kiume"

Juzi nimepanda ndege, nimekaa zangu, mkaka anapita na kigari cha vinywaji, abiria wa siti ya nyuma yangu anamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika hadi mbele, "leo tumepangiwa ea hostesi wa kiume." Wakacheka. Mkaka akawapa maji yao, akatabasamu, akasonga. Mimi nikabaki nimenuna kana kwamba nimetukanwa mimi.

Yaani tuna lugha ambayo "yeye" ni yeye tu, haijali wa kike wala wa kiume. Mwalimu ni mwalimu, rubani ni rubani, mpaka umuone ndio ujue ni mama au baba. Halafu "mhudumu wa ndege" tunaiacha imekaa pale, tunakwenda kuazima neno la Kiingereza lenye mkia wa kike, ile "esi" ya mwisho, tukishalileta tunakuta halimtoshi mkaka, basi tunalitia kiraka cha "wa kiume". Unamvalisha mtu gauni kwa nguvu halafu unamcheka amevaa gauni!

Na kichekesho ni kwamba wa kwanza kabisa kuifanya kazi hii alikuwa mwanaume, Heinrich Kubis, Mjerumani, alianza 1912 kwenye Zeppelin, yale maputo makubwa ya injini yaliyobeba abiria, na alikuwemo ndani ya mojawapo, Hindenburg, ilipowaka moto 1937 akatoka hai. Wanawake walikuja baadaye, 1930 kule Marekani, Ellen Church na wenzake saba, wote manesi. Huyu Ellen alitaka kurusha ndege, usukani hakupewa, ndio akaja na wazo la manesi wa kuwatuliza abiria waoga. Wakakubaliwa, ila kwa masharti: usiwe umeolewa, usizidi miaka 25, uzito usivuke kama kilo 52. Nesi mzima anapimwa kwenye mizani kama begi! Sasa sikiliza hapa ndipo ninapochemka. Vita vya pili vya dunia vilipohitaji manesi, sharti la unesi likaondolewa, lakini la kutoolewa likabaki miaka na miaka, ukiolewa unarudisha sare. Ujuzi ukatupwa, ubinti ukatunzwa. Huo ndio mzigo uliomo ndani ya hilo neno mnaloliona tamu mdomoni.

Mpaka Celio Diaz alipokataliwa kazi hii Pan Am, shirika la ndege la Marekani, kwa sababu ni mwanaume ikabidi mambo yafike mahakamani, na utetezi wa kampuni ukawa kwamba wanawake ndio wanaojua kuliwaza abiria. Mahakama ya rufaa ikawakatalia, 1971.

Haya, najua "mhudumu" nayo ina harufu ya trei na glasi, sikatai. Na kuna wadada wanaojiita ea hostesi kwa raha zao, mtu na jina lake, siwezi kumnyang'anya. Na ndiyo, hata "rubani wa kike" inanikera vilevile.

Lakini huyu mtu hakuwekwa pale kwa ajili ya juisi. Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kubeba watu mpaka ithibitike kwamba wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa nusu tu ya milango, na anayefungua huo mlango na kupiga kelele "acha begi, ruka!" ni huyohuyo wa kigari. Tarehe 2 Januari 2024 pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na nyingine ikawaka, watu 379 waliokuwemo wakatoka wote wakiwa hai. Nani aliwatoa, glasi za maji?

Basi tukatua. Ndege bado inatembea, taa ya mkanda bado inawaka, yule yule wa siti ya nyuma kashasimama anavuta begi lake juu. Nikasikia, "Kaka, kaa chini. Sasa hivi." Sauti nyingine kabisa, siyo ile ya maji. Akakaa, na mwenzake naye aliyekuwa hajasimama akakaza mkanda.